Kurasa za Mwisho Hazimo

Ninacho kabatini mwangu, hapa Molo, kitabu ambacho si changu. Nilimnyang'anya mwanafunzi wa kidato cha pili mnamo Februari 1992, alipokuwa akikisoma chini ya dawati ilhali mimi nimesimama ubaoni nikifafanua ngeli za majina. Jalada lake lilikuwa limekwisha kung'oka, na mahali pake pameshonwa, kwa uzi mweusi, kipande cha gunia la viazi. Ni Kikosi cha Kisasi, riwaya ya Elvis Musiba iliyochapishwa mwaka 1979. Kurasa za mwisho hazimo. Kijana aliniambia kwamba kaka yake alizisokotea tumbaku, nami nikacheka moyoni huku uso nimeukunja, kama tunavyojua walimu kuukunja. Nikamwahidi kwamba atarudishiwa kitabu chake siku ya kufunga shule.

Siku hiyo ilipowadia, jamaa zake walikuwa wamekwisha kuhama, na tangu hapo sijamwona.

Nakitaja kitabu hiki kwa kuwa nataka tuzungumze, walimu wenzangu nanyi wanafunzi, juu ya aina ya riwaya ambayo shule zetu zimekuwa zikiitazama kwa jicho la pembeni. Ni riwaya ya upelelezi, na hasa ile ambamo mpelelezi hutumwa katika jiji asilolijua, akamsake mtu aliyeua jana, akaua leo, na ambaye hakuna ajuaye atamuua nani kesho. Wahakiki wameipa jina la fasihi pendwa, jina ambalo ukilisikia tu unajua limetolewa na mtu asiyeipenda.

Katika Kikosi cha Kisasi jiji lenyewe ni Kinshasa. Nchi ilikuwa ikiitwa Zaire, jina iliyolibeba toka mwaka 1971 hadi 1997. Wapigania uhuru wanauawa humo, na Willy Gamba, mpelelezi kutoka Tanzania, anakwenda kuwatafuta wauaji. Msomaji wa leo aweza kudhani kuwa hayo ni mambo ya kubuni tu. Lakini aliyekisoma kitabu hicho kilipotoka alikumbuka vyema kwamba Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa mjini Dar es Salaam mnamo Februari 1969 kwa bomu lililoletwa ndani ya kifurushi, na kwamba Herbert Chitepo wa ZANU aliuawa Lusaka mnamo Machi 1975 kwa bomu lililotegwa katika gari lake. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na wakazi wa mji ule walipishana njiani kila siku na watu waliokuwa wakiwindwa. Musiba hakuibuni hofu hiyo. Aliikuta, akaipa mtu wa kwenda kuifuata hadi ilikotoka.

Nilikisoma usiku ule ule nilipokitwaa, blanketi mabegani, ukungu umefunga dirisha. Kilichonishika hakikuwa bastola. Kilichonishika ni hali ya mtu aliye peke yake katika mji wa watu.

Mgeni ni kuku mweupe, walisema wahenga. Popote asimamapo anaonekana. Mwenyeji aweza kupotea katika umati wa sokoni, lakini mgeni husalitiwa na lafudhi yake, na viatu vyake, na hata namna anavyouliza nauli. Hapo ndipo penye ugumu wa riwaya ya aina hii, kwa sababu shujaa wake anatakiwa aone kila kitu ilhali kila mtu anamwona yeye. Na dawa ya ugumu huo ni moja tu. Mgeni huuliza. Humuuliza dereva wa teksi, akamuuliza mpokea wageni wa hotelini, akamuuliza muuza sigara na mtoto aliyesimama karibu naye. Mwenyeji haulizi, anajua, au anadhani anajua. Mtu aliyekaa miaka 20 katika mtaa mmoja hawezi kukwambia nyumba ya jirani yake ina milango mingapi. Mgeni ameihesabu usiku wa kwanza, maana huenda akalazimika kutokea kwa mmojawapo.

Jambo hili nililijua kwa nafsi yangu. Mimi mzaliwa wa Malindi nililetwa Molo na barua ya kazi mnamo Januari 1989, nikashuka kwenye basi na shati la mikono mifupi, watu wakanitazama kama wanavyomtazama mgonjwa. Katika juma la kwanza nilikuwa nimejua duka lipi linafunguliwa mwanzo, ng'ombe wa nani wanapita njia ipi, na garimoshi la Kisumu linapiga honi saa ngapi za usiku. Baada ya miaka mitatu nilikuwa siisikii honi hiyo tena. Ilikuwa ikipigwa vilevile. Sikio langu ndilo lililokuwa limepata uenyeji.

Kwa watoto wa huku riwaya hizi zilikuwa pia ramani. Wengi wao hawakuwa wamevuka Nakuru, ambako ni mwendo wa kilomita 50 hivi, lakini Nairobi waliijua kwa Kufa na Kupona, riwaya ya Musiba ya mwaka 1974 ambayo ndani yake Gamba anawafuata mahasimu wake katika jiji letu wenyewe. Dar es Salaam waliijua kwa Joram Kiango, mpelelezi wa Ben Mtobwa. Mtobwa alizaliwa mkoani Kigoma mwaka 1958, kule reli ya kati inakokomea ziwani, na jiji alilolisimulia kwa uchu mkubwa, hadi akakiita kitabu chake kimoja Dar es Salaam Usiku, hakuzaliwa nalo. Mimi huamini kwamba ndiyo sababu taa za Dar katika maandishi yake zinawaka kuliko zilivyopata kuwaka kweli. Mwenyeji asingeziona. Mtobwa alifariki mwaka 2008, na sidhani kama shule nyingi zilisimama hata dakika moja kumkumbuka, ingawa vitabu vyake vilisomwa chini ya madawati kutoka Lindi hadi Lodwar.

Hapa naomba ruhusa ya mwalimu wa lugha nipite kando kidogo. Magazeti yetu yanapotaka kumtaja mtu anayeua mara kwa mara husema muuaji wa mfululizo, usemi unaonuka ofisi, kana kwamba mtu huyo ana fomu za kujaza. Mtobwa alikipa kitabu chake kingine jina la Najisikia Kuua Tena. Tazama kazi inayofanywa na neno hilo la mwisho! Kielezi kimoja kinatwambia kwamba amekwisha kuua, kwamba hakutosheka, na kwamba kuna mtu mwingine mahali fulani ambaye bado anapika chakula chake cha jioni asijue lolote. Mwanafunzi akiniuliza vielezi vina faida gani, humpa kichwa hicho cha kitabu na kumwacha akifikirie.

Wapo na wa karibuni. Mukoma wa Ngugi, katika Nairobi Heat ya mwaka 2009, amemleta Nairobi mpelelezi Mmarekani mweusi kutoka mji wa Madison, mtu ambaye ngozi yake inasema mwenyeji na ulimi wake unasema mgeni. Riwaya hiyo iliandikwa kwa Kiingereza, lakini mpangilio wake ni ule ule wa akina Gamba. Mwuaji ametoka mbali, jiji halifahamiki, na mpelelezi anahitaji mkono wa mwenyeji kumshika asianguke.

Hata hivyo, sina budi kukiri kasoro zao. Wanawake katika vitabu vya Gamba aghalabu huwekwa kama mapambo ya hoteli. Bunduki hulia upesi mno. Na jambo linalonisumbua zaidi ni hilo lililoandikwa kwenye jalada, nalo ni kisasi. Adui akipatikana, hukumu hutolewa papo hapo kwa risasi, na msomaji hufunga kitabu akiwa ameridhika, hajasikia hakimu wala shahidi. Nilipokuwa kijana sikuona ubaya wowote.

Lau ningetakiwa leo kuchagua, ningemchagua Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar ndiye aliyemuumba katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda katika mashindano ya East African Literature Bureau na kuchapishwa mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake ni ndugu wa mbali wa Sherlock Holmes, hilo kila mtu ameliona. Lakini ni ndugu aliyekulia pwani. Hakimbii, hafyatui. Huketi, huzungumza, huliacha neno la mwenzake lianguke chini kisha huliokota baadaye. Mwishoni huwakalisha watu na kuwaeleza lililotokea, hatua kwa hatua, hadi kila mmoja aliyekuwemo akajua alichokiona kilikuwa na maana gani. Gamba humaliza mambo kwa risasi, Bwana Msa kwa maelezo. Lakini Bwana Msa ana upungufu wake, nao ni kwamba yumo kisiwani kwake, anawajua watu na wajomba zao. Ningependa siku moja kumwona akishushwa stesheni ya mji asioujua, ambako hakuna wa kumwamkia, na ambako watu wanaendelea kufa.

Nasema haya si kwa mapenzi ya fasihi tu. Nchi yetu imeshuhudia visa ambavyo, kama vingeandikwa, mhariri angevikataa. Mnamo Julai 2021 alikamatwa kijana aliyekiri, kwa maneno ya polisi, kuua watoto zaidi ya 10. Siku aliyotakiwa kufikishwa mahakamani mnamo Oktoba, ilionekana kwamba ametoweka katika kituo cha polisi cha Jogoo Road, Nairobi. Siku mbili baadaye wanakijiji wa kwao Bungoma walimtambua, wakamuua. Mnamo Julai 2024 miili ya wanawake ilitolewa katika timbo lililojaa maji na taka huko Kware, Nairobi. Mtu aliyekamatwa, kwa mujibu wa polisi, alikiri kuua wanawake 42, na wakili wake akadai kwamba aliteswa ili akiri. Mwezi uliofuata alitoroka kutoka kituo cha Gigiri. Mwandishi chipukizi akiniletea mswada ambamo muuaji anatoroka kituoni, nitamshauri apunguze chumvi. Akiniletea wa pili wenye kisa kile kile, nitamwuliza kama anasoma magazeti.

Mwisho wa kile kisa cha Bungoma ndio mwisho wa Gamba pasipo Gamba mwenyewe. Kisasi kilipatikana. Lakini wazazi waliozika watoto hawakupata kuketi katika chumba kimoja na yule mtu wakasikia, kwa utaratibu, nani alichukuliwa siku gani na kwa nini hakuna aliyeona. Maswali yao alikufa nayo.

Na wanafunzi wa Molo hawakuhitaji kwenda Kinshasa kulipata jiji geni. Nakuru ilitunukiwa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Kufikia Juni 2022 habari zilizotujia kutoka jiji hilo jipya zilikuwa za wanawake waliokuwa wakiuawa katika mtaa wa Mawanga. Nilikuwa nimekwisha kustaafu, ila nilikuwa nikienda shuleni mara moja kwa juma kusoma na chama cha Kiswahili, na juma lile hakuna aliyetaka kusoma ushairi. Walikuwa na dada zao kule, wapangaji, wanafunzi wa vyuo, wauzaji wa maduka. Msichana mmoja alinieleza kwamba dada yake alikuwa amejifunza njia tatu za kufika chumbani mwake na kila jioni akibadilisha. Nilimwambia kwamba dada yake amekuwa mpelelezi. Hakucheka, na nikajuta kusema.

Waama, mgeni wa kweli alipata kuja. Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alitoweka nyumbani kwake Koru mnamo Februari 1990, na mwili wake ukapatikana karibu na hapo, kwenye kilima cha Got Alila, umechomwa. Koru si mbali na huku kwetu; ni kuteremka tu na reli kuelekea ziwani. Serikali iliwaita wapelelezi wa Scotland Yard, wakaja wakiongozwa na John Troon. Kwa miezi kadhaa taifa zima liliisoma riwaya hiyo kwa masikio. Mzungu kutoka London, katika vijiji asivyovijua na lugha asizozijua, anauliza nani aliona gari jeupe, nani alisikia nini. Ripoti aliiandika. Ikaundwa tume ya Jaji Evan Gicheru, mashahidi wakasikizwa, hadi mnamo Novemba 1991 Rais Moi alipoivunja kabla haijamaliza kazi. Mshtakiwa mmoja alifikishwa kortini baadaye na kuachiliwa mwaka 1994. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema kila siku tukipokea wageni. Mgeni alikuja. Mwenyeji hakutaka kupona, au wapo wenyeji ambao afya ya wengine ingekuwa maradhi kwao.

Miezi minne baada ya tume hiyo kuvunjwa, moto ulitufikia sisi.

Walioishi Molo mwaka 1992 hawahitaji kusimuliwa. Kwa walio wachanga nitasema tu kwamba mapigano yaliyoanzia mashamba ya Nandi mnamo Oktoba 1991 yalienea, na kufikia Machi na Aprili yalikuwa Olenguruone na Molo. Usiku tulihesabu mioto mlimani. Asubuhi nilihesabu madawati matupu. Na neno lililotumika, lile lililonena kwamba fulani anastahili kuchomewa nyumba, lilikuwa ni hili hili ninaloliandika tangu mwanzo wa makala haya, yaani mgeni. Watu waliozaliwa hapa, ambao baba zao walizikwa hapa, waliamka siku moja wakaambiwa ni wageni. Lilikuwapo na jingine, madoadoa, ambalo mwalimu wa sarufi atalipata katika kamusi bila ya kuona damu yoyote ndani yake. Mimi niliyekuwa mgeni wa kweli, mtu wa Malindi, hakuna aliyenigusa. Sikuwa upande wowote, na kwa hiyo sikuhesabiwa.

Palikuwa na mzee aliyeniletea maziwa kila alfajiri tangu juma langu la kwanza. Aliuweka mkebe upande wa kulia wa mlango, akagonga mara mbili, akaenda zake. Asubuhi moja ya Aprili niliukuta mkebe umejaa kama kawaida, lakini umewekwa kushoto, na mlango haukuwa umegongwa. Saa nne tukapata habari kwamba mzee ameonekana amekufa katika kijia cha nyuma ya boma lake, na waliomwona walisema alikuwa amelala pale tangu usiku.

Nani, basi, aliyeniletea maziwa?

Hakuna aliyekuja kuniuliza. Na mimi, ambaye nilikuwa nimemaliza kukisoma Kikosi cha Kisasi majuma machache kabla, ambaye nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba Bwana Msa hupata ukweli katika kitu kidogo kilichohamishwa mahali pake, sikwenda kumwambia mtu. Niliogopa. Pia nilihisi, na hili ndilo gumu zaidi kuliandika, kwamba kila mtu alikuwa anajua. Pale ambapo kila mtu anajua, anayeuliza huonekana mchokozi. Kikulacho ki nguoni mwako, na huwezi kuivua nguo hadharani. Mpelelezi wa riwayani hufanikiwa katika mji wa watu kwa sababu hana shemeji pale, hana deni dukani, hatazikwa pale.

Hapa ndipo riwaya ya muuaji wa mfululizo inapotudanganya, nami sitaki kuificha kasoro hiyo. Hutufariji kwa kutuambia kwamba muuaji ni mtu mmoja, mwenye kichaa chake, na kwamba akishapatikana mji utalala. Molo haikuwa hivyo. Waliochoma walikuwa wengi, nyuma yao palikuwa na waliowatuma, na waliouawa hawakuchaguliwa na kichaa cha mtu mmoja bali na orodha. Machafuko yalirudi katika sehemu za Bonde la Ufa mwaka 1998, yakarudi tena mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008. Kama kuna aliyejisikia kuua tena, hakuwa mtu mmoja mwenye kisu.

Hata ripoti nazo hatukuzikosa. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliandika yake mwaka 1992. Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa 1998, ikamkabidhi Rais ripoti mwaka 1999, na wananchi wakaruhusiwa kuiona mwaka 2002. Tume ya Jaji Waki ya mwaka 2008 ilihesabu watu 1,133 waliokufa kote nchini baada ya uchaguzi, na majina ya washukiwa wakuu ikayatia katika bahasha. Nimezisoma kadiri nilivyozipata. Ni vitabu vinene vyenye mahali, tarehe na mashahidi, na mtu aliyezoea riwaya za upelelezi atazisoma kwa urahisi, isipokuwa kwamba kila kimoja ni kama kile cha kwangu cha gunia. Kaka wa mtu alizisokotea tumbaku kurasa za mwisho.

Ndiyo maana nadhani, na walimu wenzangu wanisahihishe, kwamba vitabu hivi visiachwe chini ya dawati. Mtoto wa Molo anayekesha na Joram Kiango hapotezi wakati. Anatafuta jambo ambalo mji wake haujapata kumpa, nalo ni sura ile ya mwisho ambamo mtu anasimama na kusema ni nani, na kwa nini, na wengine wanalazimika kukaa wamsikize.

Mwaka 2023 nilikichukua kitabu cha gunia hadi kwenye chama cha Kiswahili. Wanafunzi 38 wa kidato cha tatu, waliozaliwa karibu na wakati wa machafuko ya 2008. Tulikisoma kwa sauti kwa majuma sita, ukurasa mmoja mtu mmoja, hadi pale karatasi zinapokoma. Kisha nikawataka kila mmoja aandike mwisho wake. Mwisho halisi niliujua. Miaka mingi baadaye nilikuwa nimenunua nakala kamili kwa wauza vitabu wa kando ya barabara jijini Nairobi. Sikuwaambia.

Mvulana mmoja alinyosha mkono kabla hawajaanza. "Mwalimu," akauliza, "mbona Willy Gamba hakuja Molo?" Wenzake walicheka, kisha wakaacha kucheka.

Nilizisoma zile insha kwa siku mbili. Zaidi ya nusu zilimaliza kwa risasi. Sita zilimaliza kwa umati na tairi, na moja katika hizo ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili kizuri mno hata nikaiweka chini na kutoka nje kidogo. Wawili walimfikisha muuaji mahakamani, ambako alitoa hongo. Mmoja alimuua Gamba. Lakini insha iliyobaki nami ni ya msichana aliyekuwa kimya kwa majuma yote sita, ambaye alikihamisha kisa chote kutoka Kinshasa akakileta huku, ukungu na yote. Gamba wake anashuka stesheni asubuhi. Anakwenda nyumba kwa nyumba, nyumba 80, akiuliza nani aliona jambo usiku ule. Kila nyumba anakaribishwa, anapewa chai ya maziwa na viazi, anaulizwa habari za safari. Na kila nyumba anaambiwa kwamba usiku ule walikuwa wamelala. Jioni anarudi stesheni. Amekunywa vikombe 80 vya chai, na daftari lake ni jeupe.

Nilisahihisha tahajia mahali pawili, nikampa alama 18 kwa 20. Alikuja kuniuliza zile mbili zimekwenda wapi. Nilimwambia kwamba nyumba zilikuwa 81, ila moja hakuifikia. Ni ya mwalimu mmoja, pale karibu na reli, na mlangoni pake kulikuwa na mkebe wa maziwa. Akakaa chini. Nikamsimulia, na ilikuwa mara ya kwanza kumsimulia mtu. Aliniuliza mkebe ulikuwa na mfuniko au hauna. Aliniuliza kulikuwa na umande juu yake. Aliniuliza nani mwingine aliyejua kwamba nanywa maziwa ya mzee yule, na kama mbwa wa jirani alibweka. Kwa miaka 31 sikuwahi kulifikiria suala la mbwa.

Mbwa hakubweka. Nimeliandika hilo sasa katika daftari, pamoja na tarehe, saa, na upande ambao mkebe uliwekwa. Kitabu cha gunia bado kimo kabatini, na ubavuni pake nimeiweka ile nakala kamili. Mwenyewe, kama yu hai, anakaribia miaka 50. Akipita Molo, zote mbili ni zake.